504 ya Safu Tatu: Shajara ya Kuelekea Agosti

Jumapili, 1 Juni 2025, Mikindani

Kila anayepita uani huniuliza neno lile lile: "Mzee, hili gari litaisha lini?" Basi naandika, atakayeuliza tena nimpe daftari asome.

Gari ni Peugeot 504 ile ndefu, ya familia, safu tatu za viti, injini ya 1971 cc. Namba zake ni za kale, herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho. Hali yake leo: injini yawaka lakini yapanda moto baada ya mwendo mfupi, milango yote yafungika ukiwa na subira, rangi ya samawati imechujuka, viti vya safu ya mwisho vimeliwa na panya. Chini bado sijapaangalia vizuri.

Lazima liwe barabarani shule zikifungwa Agosti. Bintangu na mumewe wanakuja likizo kutoka Nairobi na watoto wao watatu, na wajukuu nimeshawaahidi kwamba mwaka huu hatukodi matatu kwenda Diani. Ukituhesabu sote, na mimi na bibi yao, tu watu saba. Viti ni saba.

Kisha mwisho wa Agosti kuna mkutano wa wenye magari ya zamani hapa mjini, na waamuzi na vikombe na kila kitu. Nimejiandikisha. Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, aliposikia nataka kwenda kote kuwili akanambia gari la maonyesho halipelekwi baharini, na lililopelekwa baharini halina haja ya kwenda maonyeshoni. Wengi wanaona hivyo. Mimi nataka kote kuwili. Kazi niliyostaafu nayo bandarini ni ukarani wa shehena, kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichofika kimevunjika, na hili nitaliandika vivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi wa bodi kaja na nyundo, mimi nimekuja na sumaku.

Sumaku nimeitoa kwenye spika mbovu nikaifunga kitambaa isichune rangi. Bati huishika, puti haiishiki. Ukiipitisha polepole ubavuni mwa gari, mkono wenyewe utakwambia pana chuma au pana unga uliokandwa. Nimeanza mbele kulia. Boneti sawa. Digadi la mbele sawa. Mlango wa kwanza sawa. Nilipofika nyuma ya mlango wa pili, chini karibu na gurudumu, sumaku ikaacha kushika, ikateleza, ikaanguka mchangani.

"Hapo pana puti, mzee," fundi akasema.

"Nene?"

Akachukua bisibisi akasukuma. Hakutumia nguvu. Ikazama mpaka mpini. Tulipobandua puti tukakuta gazeti: aliyelitengeneza zamani alijaza tundu kwa karatasi, akapaka puti juu, akapiga msasa, akapuliza rangi, akachukua pesa yake. Gazeti limeshakuwa uji, ila kipande kimoja bado kina miguu ya mchezaji wa mpira.

Tumelipandisha kwenye magogo na kulipekua lote. Kutu imeshika bati la chini ya milango pande zote mbili, sakafu ya upande wa dereva, digadi zote mbili za nyuma, ukingo wa chini wa mlango wa buti, na kona mbili pale kioo cha mbele kinapokaa. Hakuna la ajabu hapo kwa gari lililokaa Mombasa maisha yake yote. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu, kwa hiyo bati linabaki na majimaji hata siku ya jua kali. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu, na kutu kimsingi ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea juu ya chuma chenyewe. Ndiyo sababu gari la Nakuru la umri huu linaweza kuwa na sakafu yake ya kiwandani, na langu unaona kuku kupitia sakafuni.

Fundi ameuliza kwa adabu: "Sasa mzee, wataka gari la kuonyesha ama la kutembelea? La kuonyesha nalimaliza kwa puti wiki moja."

Nimemwambia nataka bati.

Jumamosi, 28 Juni

Bati limekatwa, limekunjwa, limechomelewa. Fundi amekata mpaka alipokuta chuma king'aacho, wala hakuniuliza tena habari ya puti. Sakafu ya dereva ni mpya nusu yake. Praima ya kijivu imepulizwa juu na chini.

Jambo moja nimelisimamia mwenyewe. Bati la chini ya milango lina uvungu ndani, na kiwanda kiliacha vitundu vidogo kwa chini ili maji yatoke. Mafundi wengi huviziba kwa kuchomelea au kwa rangi nzito, wakidhani wanazuia maji yasiingie. Maji yataingia tu, kupitia mpira wa dirisha, kupitia mlango, kwa jasho la usiku. Yakikosa pa kutokea hukaa humo na chumvi yake na kazi huanza upya kutoka ndani. Nimepitisha waya katika kila tundu mpaka nikaona mwanga. Kisha tumeyeyusha grisi kwa oili safi tukamimina uvunguni, tukaliinamisha gari mbele na nyuma ienee. Uani kunanuka gereji tangu jana na mke wangu amehamishia kamba ya nguo upande wa pili wa nyumba.

Jumamosi, 5 Julai

Leo habari ni ya maji, na imetugharimu maneno mengi humu ndani kuliko bati lilivyotugharimu.

Ukitaka gari lirudi salama kutoka baharini, lioshe kwa maji matamu siku hiyo hiyo, na zaidi ya yote uoshe chini. Hilo kila mtu analijua. Kinachosahauliwa ni kwamba hapa Mombasa maji mengi ya nyumbani ni ya kisima, na visima vingi vina chumvi. Yaonje tu: yakikolea ulimini hayafai. Kuosha chumvi ya bahari kwa maji ya kisima chenye chumvi ni kubadilisha chumvi kwa chumvi. Maji mazuri ni yale ya bomba kutoka Mzima, chemchemi za Tsavo Magharibi, ambayo yamekuwa yakija huku tangu 1957. Lakini bomba letu hutoa maji siku linapotaka, na yanapokosekana tunanunua mitungi kwa kijana wa mkokoteni, na kijana wa mkokoteni humwulizi sana ameyateka wapi.

Kwa hiyo tangu masika nimekuwa nikikinga maji ya paa. Nina tangi la lita 1,000 lililojaa mvua ya Aprili na Mei, safi, halina chumvi hata chembe, na nimeliandikia kwa chaki: LA GARI.

Mke wangu amelisoma lile neno leo asubuhi. Hakusema kitu mpaka chai. Kisha akaniuliza kama ni kweli yeye afue kwa maji ya mtungi, apikie wali maji ya mtungi, na gari lioge maji ya mvua. Nikamweleza habari ya umeme mdogo mdogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Na mimi sina damu, nina umeme?"

Tumeafikiana hivi: nusu ya tangi ni ya nyumba, nusu ya gari, na mstari nimeuchora mimi lakini mahali pa mstari amepaonyesha yeye. Kwa macho yangu nusu yake ina mimba. Sikupinga. Anasema pia kwamba wajukuu wakija maji yote ni yao, hilo halina mjadala, na kwamba gari lisubiri mvua ya vuli.

Jumamosi, 19 Julai

Injini. Sababu ya kupanda moto imepatikana na haikuwa ndani ya injini.

Wasiolijua gari hili hushangaa wakifungua boneti, maana injini imelazwa upande mmoja, nyuzi 45. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na slivu zake, yale makopo ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinaguswa na maji moja kwa moja. Ni injini ngumu, lakini haisamehe joto wala maji mabaya: ukitia maji ya kisima kwenye rejeta kwa miaka, hula aluminiamu na kujaza tope mle mnamotakiwa kupita maji. Kwa hiyo niliogopa gasketi ya hedi imeungua. Tukapima kompresheni, silinda zote nne ziko karibu karibu. Alhamdulillahi.

Tatizo ni feni. Feni ya 504 haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme kwenye kitovu chake. Maji yakifika joto fulani swichi iliyo kwenye rejeta hupeleka umeme, sumaku inashika, feni inazunguka. Yakipoa inaachia, na injini inapumzika na mzigo huo. Peugeot walikuwa wameshaitumia kwenye 404, gari lao la kabla yake. Ya kwangu haikuwa ikishika kabisa. Burashi ya kaboni inayopeleka umeme kwenye kitovu ilikuwa imelika mpaka mwisho. Fundi wa injini alipendekeza tuifunge feni kwa boliti izunguke moja kwa moja, kama walivyofanya wenye 504 wengi nchini. Inafanya kazi, siwalaumu. Lakini burashi si kitu adimu. Nimepata ya stata ya gari jingine Mwembe Tayari, nikaipiga msasa mpaka ikaingia. Nimesimama foleni ya Changamwe saa ya malori, mshale wa joto haukuvuka nusu, nikasikia feni ikishika. Tak.

Rejeta sasa ina kulanti, dawa ya kupozea, na maji ya mvua. Kutoka upande wangu wa mstari.

Jumamosi, 26 Julai

Rangi imepulizwa, samawati ileile. Fundi wa viti amemaliza safu ya mwisho. Ametaka kuweka sponji mpya nene, nikamkataza, maana mtoto akikaa juu sana kwenye safu ile kichwa kinagusa paa. Ngozi bandia ya rangi ya kahawia, mishono minyoofu. Kioo cha kutazamia nyuma ni cha pikapu, cha asili sikukipata hata Kirinyaga Road, Nairobi, alikonizungukia mkwe wangu siku nzima ya Jumamosi bila kulalamika. Nimemwandikia hilo kwa heri.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamefika kwa treni ya mchana, stesheni ya Miritini. Nauli ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kila mtu mzima, na bado ni nafuu kuliko kuendesha kilomita karibu 480 nyuma ya malori. Nimewapokea kwa 504. Mjukuu mdogo alilizunguka gari lote, akaniuliza, "Babu, skrini iko wapi?" Mkubwa akaenda moja kwa moja safu ya mwisho akafunga mlango, akasema hapo ndipo pake mpaka likizo iishe.

Kutoka stesheni hadi nyumbani ni karibu, lakini nimepitia njia ndefu kidogo ili niwaonyeshe kiwanda cha AVA. Magari haya yalikuwa yakija kwa vipande kutoka Ufaransa, yakishushwa kwenye meli bandarini kwetu, na kuunganishwa hapo Miritini. 504 kama 27,000 ziliunganishwa Kenya. Nimewaambia: mnaona geti lile? Gari hili limetokea mle. Yule wa kati akauliza kama limekuja kusalimia mama yake. Nikasema ndiyo, tukapiga honi.

Jumatatu, 11 Agosti, Diani

Siku niliyokuwa naingoja. Naiandika kwa urefu.

Mwezi ulikuwa mpevu juzi, kwa hiyo tuko kwenye bamvua, siku bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mtu wa Mombasa hahitaji kitabu kwa hili: bamvua maji hupwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa jioni saa kumi na kitu. Ukitaka watoto watembee mpaka karibu na mwamba waone nyota za bahari na kaa kwenye vidimbwi, nenda asubuhi siku za bamvua. Ukitaka waogelee asubuhi, ngoja maji mafu, siku bahari haipwi sana. Mkwe wangu ni mtu wa bara, aliniuliza kwa nini tunaondoka saa kumi na mbili unusu badala ya watu kulala likizo. Alipofika akaona bahari imerudi nyuma hatua mia kadhaa, akaelewa.

Tumepita barabara ya Dongo Kundu. Enzi zangu kwenda kusini ilikuwa Likoni tu, feri, na mtu hakupanga saa ya kufika. Sasa unaingilia upande wa Miritini, unavuka daraja la Mwache, kisha lile refu la Mteza, na kabla watoto hawajaanza kugombana umeshatokea barabara ya Ukunda. Gari lilikuwa na watu saba, sufuria ya mahamri, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka kwenye bakuli lililofungwa leso, mitungi miwili ya maji, na bado nyuma halikukaa chini. Modeli hii ndefu ina springi mbili kila upande nyuma. Nchi hii iliitumia kama teksi za masafa marefu kwa miaka mingi, na walipakia zaidi ya saba, na hawakupakia mahamri peke yake.

Mahali pa kuegesha nilipachagua mapema. Huu ni msimu wa kusi. Upepo unatoka baharini unakuja nchi kavu, na ndani yake mna vumbi la maji ya chumvi ambalo hulioni mpaka uguse kioo. Kila gari lililoegeshwa ukingoni mwa ufuo pua ikielekea bahari lilikuwa linajaza chumvi kwenye rejeta bila mwenyewe kujua. Mimi niliegesha ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta na miti, pua ikielekea bara. Ni mwendo wa kutosha kwa miguu, na bintangu hakunyamaza njiani. Sikulifunika pia, turubai la plastiki hufungia unyevu chini yake, heri jua na hewa.

Watoto walikuwa maji mpaka goti asubuhi yote. Kaa mmoja alimkimbiza mjukuu wa kati mpaka kwenye leso ya bibi yake. Mbega walipita juu ya barabara kwenye zile ngazi za kamba walizotundikiwa ili wasigongwe na magari, na mkwe wangu alipiga picha nyingi zaidi za mbega kuliko za watoto wake. Maji yalipoanza kujaa tukaenda kutazama msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, penye mibuyu minene. Mke wangu aliswali adhuhuri hapo.

Sasa kurudi garini. Utaratibu tulikuwa tumeupanga nyumbani na bibi ndiye aliyekuwa askari wake. Mtungi wa kwanza: kila mtoto anasimama juu ya mkeka nje ya mlango, anamwagiwa kuanzia kichwani, miguu inainuliwa mmoja mmoja, mchanga katikati ya vidole unatolewa. Mtungi wa pili: nguo za kuogelea zinasuuzwa, zinakamuliwa, zinaingia ndoo yenye kifuniko. Nguo mbichi ya bahari juu ya kiti ni mbaya kuliko mchanga, maana mchanga utaufagia, lakini maji ya chumvi hupenya kwenye sponji yakafika kwenye springi za kiti na sakafuni, na sakafu ile nimeilipia. Viti vyote vilitandikwa leso. Mkubwa alikalia ile iliyoandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone, akaisoma kwa sauti, akasema mwenyeji mwenyewe anamwagia wageni maji ya baridi.

Njiani kurudi tulinunua mabuyu Ukunda. Mekundu, ya pilipili. Nikaona safu ya mwisho imetulia kabisa na nikashukuru.

Alhamisi, 14 Agosti

Ufuo wa Pirates. Watoto wameupenda kuliko Diani: ngamia, maboya ya tairi, watu tele, kelele, viazi karai, mihogo ya kukaanga na ndimu. Sina la kuongeza. Gari lilibaki nyumbani, tulipanda matatu, na hakuna aliyenikumbusha ahadi.

Jumapili, 17 Agosti

Wameondoka kwa treni ya asubuhi. Nyumba imepwaya.

Nimeshinda chini ya gari. Nilikuwa nimelisuuza usiku ule ule wa Diani, lakini leo nimefanya kwa utulivu: magogo, magurudumu nje, mpira wa maji ukiwa na mdomo mwembamba, kila pembe ya digadi, nyuma ya springi, juu ya tangi la petroli, kwenye mikunjo ambako tope hukaa. Siri ni kutumia maji mengi ya mwendo mdogo. Ukipiga kwa nguvu unaisukuma chumvi ndani ya mishono. Maji yaliyotoka kwenye vitundu vya chini ya milango niliyapokea kwa kikombe nikayaonja. Matamu. Mke wangu aliniona nikionja. Hatujalizungumza.

Mstari wangu tangini umeisha. Lita kadhaa zimetoka ng'ambo ya mstari, kwa idhini.

Jumapili, 31 Agosti, siku ya maonyesho

Asubuhi safi, kusi imepungua. Uwanja ulikuwa umejaa mapema: Beetle kadhaa, Land Rover za Series, Mercedes W123 nyeupe iliyotunzwa na daktari mmoja tangu ikiwa mpya, Datsun 120Y, Escort, Morris Minor ya kijani, na 404 moja ya kijivu ambayo hata mimi nilivua kofia.

Wazee tukikutana penye magari haya mazungumzo huishia kwenye Safari Rally, ile ya Pasaka, ya vumbi na matope, watu wamesimama barabarani tangu usiku. Mwenye Datsun alianza: Shekhar Mehta, kashinda na Datsun mara tano, na nne kati yake mfululizo, 1979 hadi 1982. Nani mwingine? Mwenye 404 akajibu kwa miaka yake: 1963, 1966, 1967, 1968. Mimi nikaongeza za 504, Ove Andersson 1975 na Jean-Pierre Nicolas 1978. Mtu wa Escort akataja Mikkola 1972 na Waldegård 1977, hakuna aliyemsikiliza. Kukawa na kelele mpaka mmoja akasema, karani si huyu hapa, ahesabu. Nimehesabu kwa haki: Peugeot sita. Datsun saba, kwa sababu kabla ya Mehta kuna zile mbili za Edgar Herrmann, 1970 na 1971. Niliitaja idadi hiyo kwa sauti ndogo. Kisha kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza akauliza, na Joginder Singh je? Tukanyamaza sote. Mshindi mara tatu, 1965 na Volvo, 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, na hakuna hata mmoja wetu pale aliyekuja na Volvo wala Lancer.

Waamuzi. Karatasi yao ilikuwa na nje, ndani, injini, buti na chini, mtindo ule ule wa Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa, ile ya Ngong Racecourse iliyoanza 1970, ambako hulala chini kweli kukagua. Langu alilikagua mama mmoja wa makamo, mpole, ana tochi na kitambaa cheupe. Alitandika mkeka wake akaingia chini. Alikaa huko mpaka nikaanza kupata wasiwasi. Sauti ikatoka:

"Baba, hili gari ni la wapi?"

"La hapa hapa, mama. Mikindani."

"Na laenda baharini?"

"Laenda."

Hakujibu, nikasikia kidole kikigonga bati. Alipotoka alikuwa ameshaandika kitu. Injini akaipenda, akauliza kama feni ni ya sumaku bado, nikamwambia ni ya sumaku, akatabasamu. Kioo cha pikapu alikiona mara moja. Kisha akaingia ndani, safu ya kwanza, ya pili, akapitisha kitambaa chini ya kiti, kikatoka cheupe. Safu ya tatu. Kule pembeni, ubavuni, pana kisahani cha majivu kidogo chenye kifuniko, ambacho tangu nilinunue gari hili hakuna mtu aliyevuta sigara akakitumia. Akakifungua.

Kilikuwa kimejaa kokwa za mabuyu. Zimepangwa. Zimefyonzwa zikaachwa kavu, rangi nyekundu imeingia kwenye chuma, na moja imeshikana na ngozi bandia mpya ya fundi wa viti.

Mama yule alizitazama, akanitazama. "Wajukuu?"

"Mmoja. Mkubwa."

Akafunga kifuniko taratibu, akaandika.

Nimepata nafasi ya pili katika kundi la magari ya familia. 404 imechukua ya kwanza na ilistahili, rangi yake unajitazama usoni. Ililetwa juu ya lori na itarudi juu ya lori. Mwenyewe ameniambia kwa fahari kwamba haijagusa mvua tangu ikamilike. Nimempongeza, na nimeona huruma kidogo, si kwa mwenyewe. Kwenye karatasi yangu, sehemu ya chini ya gari, yule mama ameandika alama kamili na neno moja pembeni: kavu.

Jumamosi, 6 Septemba

Yaliyobaki. Kioo cha asili cha nyuma, natafuta bado. Doa la mabuyu kwenye ngozi bandia limekataa ndimu na limekataa sabuni. Fundi wa viti anasema ataficha kwa mshono, nimemwambia aache. Mlango wa buti umeanza kulia upande wa kushoto. Tangi la maji lina robo, na mke wangu amefuta chaki yote, mstari na maandishi, akaniambia vuli ikija tutaanza hesabu upya.

Bintangu amepiga simu. Mkubwa anataka kujua kama Desemba tutakwenda Diani tena au Watamu. Nimemwambia Desemba ni kaskazi, upepo hubadilika, nitafikiri pa kuegesha kwanza.